Pikipiki Inapogoma Asubuhi ya Baridi

Kipindi cha Jumamosi asubuhi. Mtangazaji mmoja studioni. Nakala hii ni kwa ajili ya vikundi vya wasikilizaji na wale waliokosa matangazo.

SAUTI: Kiki inapigwa mara nne. Injini inakohoa, inazima. Jogoo anawika kwa mbali.

MTANGAZAJI: Umeisikia hiyo? Kama unaishi hapa Dzaleka, kuanzia mwezi wa tano hadi wa nane sauti hiyo umeizoea kama ulivyomzoea jogoo. Ni saa kumi na moja alfajiri, baridi imeshika, na pikipiki ya jirani haitaki kuamka. Dereva anapiga kiki, anapumzika, anapiga tena. Watoto wameamka, wewe umeamka, injini bado imelala.

Leo tutaizungumzia pikipiki hiyo. Wengine tunaiita moto, wengine kabaza, lakini shida ni ile ile. Kama wewe ni dereva, kaa karibu na redio. Kama si dereva, usiondoke, maana siku moja utamgongea dereva usiku, na utataka pikipiki yake iwake.

Nina sababu yangu ya kuleta habari hii. Mwaka jana, mwezi wa saba, shemeji yangu alishikwa na uchungu usiku. Kaka yangu alikimbia kumwamsha dereva anayelala nyumba ya tatu kutoka kwetu. Kijana akatoka na blanketi begani, akavuta choki, akafungua resi yote, akaanza kupiga kiki. Alipiga mpaka akalitupa blanketi kwa jasho. Mimi nilikuwa nimeshika tochi. Pikipiki ilikohoa mara mbili, kisha ikanyamaza kabisa, na harufu ya petroli ikajaa uani.

Mwishowe tulimpeleka shemeji kituo cha afya kwa baiskeli. Kaka alisukuma, mimi nilimshika mgongo asianguke. Tulifika, na mtoto alizaliwa salama. Sasa anatembea kwa kushika ukuta. Lakini kila ninapomwona nakumbuka muda tulioupoteza pale uani.

Asubuhi fundi alikuja na spana moja tu. Alifungua plagi, ikatoka imelowa chapachapa. Akaifuta, akaacha injini ipumue, akairudisha, akapiga kiki mara tatu. Ikawaka. Ile pikipiki haikuwa mbovu. Ilikuwa imenyweshwa mafuta kupita kiasi na mtu mwenye haraka.

Tangu siku ile nimekuwa nikimfuata yule fundi na kumuuliza maswali. Haya nitakayosema nimeyaona kwa macho yangu kwake.

MUZIKI: Sekunde kumi, kisha unashuka.

KWA NINI BARIDI INAIZUIA INJINI

MTANGAZAJI: Ndugu msikilizaji, mama anayewasha mbaula asubuhi anajua mambo matatu: makaa, hewa na kiberiti. Kimoja kikikosekana, chai haipo. Injini nayo inataka vitu vitatu: mafuta, hewa na cheche. Cheche inatoka kwenye plagi, ile ambayo ndugu zetu waliotoka Bukavu na Uvira wanaiita buji. Mafuta na hewa vinachanganyika ndani ya kabureta kabla ya kuingia kwenye injini.

Sasa, petroli ikiwa maji maji haiwaki vizuri. Lazima kwanza igeuke mvuke. Fikiria nguo unazofua. Ukifua mwezi wa kumi, zinakauka kabla ya saa sita mchana. Ukifua mwezi wa saba, unazianua jioni bado zina unyevu. Baridi inachelewesha maji kugeuka mvuke, na petroli iko hivyo hivyo. Asubuhi ya baridi, sehemu kubwa ya mafuta inashikamana na kuta za bomba la kuingilia. Yanayofika kwenye cheche ni machache mno.

Ndiyo maana kuna choki. Ukiivuta, mafuta yanazidi na hewa inapungua, ili hata kama mengine yameshikamana njiani, yanayobaki yatoshe kuwaka. Choki ni dawa ya asubuhi tu. Injini ikishapata joto, dawa ile ile inakuwa sumu.

Baridi inaleta na mambo mengine mawili. Oili inakuwa nzito, kwa hiyo kiki inakuwa ngumu na injini inazunguka polepole. Na betri inapungua nguvu, kwa hiyo stata inalia kama mbuzi mgonjwa.

JINSI YA KUIWASHA

Fuata hatua hizi, usiruke hata moja.

Hatua ya kwanza: itoe pikipiki nje. Nitaeleza sababu baadaye, na sababu hiyo ni ya kufa na kupona.

Hatua ya pili: angalia vitu vidogo. Je, koki ya mafuta iko wazi? Je, tanki lina mafuta, au ugeuze koki upande wa akiba? Je, ile swichi nyekundu ya mkono wa kulia imezimwa? Gia iko huru? Usicheke. Fundi ameniambia wapo watu wanaosukuma pikipiki mpaka kwake, naye anabonyeza swichi nyekundu, inawaka.

Hatua ya tatu: ukishafungua koki, subiri kama dakika moja ili kabureta ijae.

Hatua ya nne: vuta choki yote. Resi usiiguse. Hapa ndipo wengi tunakosea. Tunavuta choki na kufungua resi kwa pamoja, tukidhani tunasaidia. Kwenye pikipiki nyingi ndogo choki inafanya kazi vizuri resi ikiwa imefungwa, kwa sababu injini inavuta mafuta kwa nguvu kupitia tundu lake dogo. Ukifungua resi, mvuto unapungua. Skuta nyingi zina choki inayojiendesha yenyewe. Hizo pia, acha resi ifungwe.

Hatua ya tano: kabla ya kuwasha ufunguo, piga kiki polepole mara mbili au tatu. Oili inaanza kusogea na mafuta yanaingia. Kisha washa ufunguo, piga kiki moja ya nguvu, kutoka juu mpaka chini. Usiichezee kwa vikiki vidogo vidogo. Kama unatumia stata, bonyeza kwa sekunde tano, achia, ngoja kama nusu dakika, rudia. Ukishikilia tu, unaimaliza betri.

Hatua ya sita: ikiwaka, iache inguruma kwa upole. Baada ya nusu dakika hadi dakika moja, anza kurudisha choki kidogo kidogo mpaka ifungwe kabisa. Usiondoke na choki imevutwa. Utaona moshi mweusi, mafuta yataisha upesi, na plagi itajaa masizi. Kesho asubuhi utalipa deni la leo.

IKIGOMA MARA SITA, SIMAMA

SAUTI: Kiki inapigwa. Inasimama. Kimya.

MTANGAZAJI: Umepiga kiki mara sita, haijawaka. Najua abiria anasubiri. Najua mwenye pikipiki anataka hesabu yake jioni, iwe baridi au jua. Pamoja na hayo yote, simama. Kila kiki unayoongeza inaingiza mafuta mengine, na kama tatizo ni mafuta mengi, unalizidisha kwa mguu wako mwenyewe.

Fungua plagi. Fundi wetu anasema plagi ni shahidi asiyehongwa. Itakuambia moja kati ya mambo matatu.

La kwanza: plagi imelowa na inanuka petroli. Injini imejaa mafuta. Zima ufunguo, funga koki, rudisha choki. Plagi ikiwa bado nje, fungua resi yote na piga kiki kama mara nane. Mafuta yaliyozidi yatatoka kama ukungu kupitia tundu la plagi, kwa hiyo weka uso mbali, na asiwepo mtu mwenye sigara, mshumaa wala mbaula karibu. Futa plagi kwa kitambaa kikavu. Ishike kiganjani mpaka ipate joto kidogo. Acha injini ipumue dakika kumi. Kisha rudisha plagi, fungua koki, na uwashe bila choki.

La pili: plagi ni kavu kabisa. Basi mafuta hayafiki. Vua bomba la mafuta kwenye kabureta, kinga chombo, fungua koki. Kama mafuta yanatoka kwa kudondoka tu, koki au chujio limeziba. Angalia pia kifuniko cha tanki. Kina tundu dogo la kuingizia hewa. Tope likiliziba, mafuta hayashuki, kama vile kibuyu kilichofunikwa mdomo. Kama yanatiririka vizuri, basi tatizo liko ndani ya kabureta.

La tatu: plagi ina masizi meusi makavu. Mafuta yalikuwa mengi kuliko hewa kwa siku nyingi. Huenda umezoea kutembea na choki, au chujio la hewa limejaa vumbi. Isugue plagi kwa mswaki wa zamani au brashi laini ya waya. Chujio la hewa lisafishe, wala usilitoe ukalitupa. Vumbi la kiangazi hapa kwetu ni sawa na msasa. Likiingia, linakula ringi za pistoni, na hiyo ni gharama nyingine kabisa.

Ukiirudisha plagi, anza kuizungusha kwa vidole. Ikigoma kuingia, itoe uanze upya. Ikifika mwisho, ongeza robo mzunguko kwa spana, basi. Kichwa cha injini ni cha alumini laini. Ukikata nyuzi zake kwa haraka, utamlipa fundi kazi ya siku nzima.

CHECHE IPO AU HAIPO?

Kabla hujanunua kitu chochote, hakikisha cheche ipo. Plagi ikiwa nje, ivalishe kofia yake, ilaze ili chuma chake kiguse mwili wa injini, mbali na tundu ilikotoka. Hakikisha hakuna petroli iliyomwagika. Usiishike kwa mkono, itakupiga shoti. Washa ufunguo, mwenzako apige kiki, wewe uangalie ukiwa kivulini. Cheche ya bluu yenye mlio ni nzima. Ya manjano iliyo dhaifu, au isipoonekana kabisa, jaribu plagi nyingine unayojua ni nzima. Kama bado, tazama kofia na waya wake. Umande na kutu vinakaa hapo. Vikaushe, viunganishe upya. Ikishindikana hapo, sasa ndiyo kazi ya fundi.

MAJI NDANI YA MAFUTA

Kuna ugonjwa mwingine wa msimu huu. Tanki likiwa nusu tupu, usiku hewa iliyo ndani inapoa, na unyevu wake unashika kwenye chuma kama matone yanavyoshika chini ya bati la nyumba. Matone yanashuka kwenye mafuta. Na kama unanunua petroli ya kwenye chupa barabarani, huwezi kujua imepitia wapi.

Kupima ni rahisi. Kwenye sehemu ya chini ya kabureta kuna skrubu ndogo ya kumwagia mafuta. Ifungue, kinga mafuta kwenye chombo cha kioo, subiri dakika chache. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yatakaa chini na utaona mstari katikati. Uchafu pia utauona. Ukiona maji, mwaga hayo, acha kabureta ijae tena, ujaribu kuwasha. Ukimaliza, usiiache petroli kwenye chupa ya maji ya kunywa. Mtoto mwenye kiu hasomi rangi.

Najua si kila mtu ana pesa ya kujaza tanki kila jioni. Basi walau mwaga kidogo kwenye kabureta mara moja kwa wiki msimu huu.

Na hii nayo ishike: kama pikipiki inawaka kwa choki lakini inazima kila ukirudisha choki, hata ikiwa imepata joto, mara nyingi kijitundu kidogo cha mafuta ndani ya kabureta kimeziba, au mpira unaounganisha kabureta na injini umepasuka na kuvuta hewa. Kuongeza choki hakutakusaidia. Kabureta isafishwe, mpira ukaguliwe.

SIKILIZA KIKI YAKO

Kiki ikiwa nzito kuliko kawaida, angalia oili. Ikiwa imezeeka na kuwa nyeusi nzito, ibadilishe. Kwenye kopo kuna namba kama 20W-50 au 10W-40. Namba iliyo kabla ya W inaonyesha jinsi oili inavyotiririka ikiwa baridi. Ikiwa ndogo, oili ni nyepesi zaidi asubuhi. Tumia ile iliyopendekezwa kwa pikipiki yako, na utafute maandishi JASO MA kwenye kopo. Hiyo ni oili ya pikipiki ambazo klachi yake inaogelea ndani ya oili ya injini. Baadhi ya oili za magari huifanya klachi hiyo iteleze.

Kiki ikiwa nyepesi mno, inashuka bila kukupa ubishi, injini imepoteza mgandamizo. Huenda vali zimekazwa sana au ringi zimekwisha. Vali zilizokazwa ni sababu ya kawaida ya pikipiki kusumbua asubuhi na kuwa njema mchana. Fundi azipime injini ikiwa baridi kabisa. Akitaka kuzipima wakati umetoka tu safari, mwambie asubiri.

MUZIKI: Sekunde tano, mzito kidogo, kisha unakatika.

MAMBO YANAYOUA

MTANGAZAJI: Nilikuahidi nitarudi kwenye hatua ya kwanza. Wengi wetu tunalala na pikipiki ndani, kwa sababu ya wezi. Sikulaumu. Lakini usiiwashe ndani ya nyumba, hata kwa dakika mbili, hata mlango ukiwa wazi. Moshi wa injini una hewa ya sumu inayoitwa kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Injini ya baridi yenye choki inaitoa kwa wingi zaidi. Na msimu huu tumeziba kila upenyo kwa nguo na nailoni ili watoto wapate joto. Sumu inabaki ndani na waliolala.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi usio wa kawaida. Ukiona watu wa nyumba moja wanalalamika hivyo kwa pamoja, watoe wote nje kwenye hewa safi, kisha kituo cha afya haraka. Mbaula inayoachwa ndani usiku inatoa sumu hiyo hiyo.

Jambo la pili: usiweke makaa chini ya injini ili kuipasha joto. Nimeona inafanyika. Mafuta yanavuja tone moja, na nyumba zetu zimebanana. Moto wa nyumba moja ni moto wa mtaa.

Jambo la tatu: usimulike tanki kwa mshumaa, njiti wala simu iliyo kwenye chaja. Na usimimine petroli kwenye mdomo wa kabureta. Injini ikirudisha moto, itakurudishia usoni.

Kuhusu kusukuma: unaweza, kama una uhakika cheche ipo na plagi haijalowa. Tafuta mteremko usio na watoto, vaa kofia, weka gia ya pili, shika klachi, pikipiki ikishika mwendo achia klachi. Ikiwa imejaa mafuta, utachosha vijana wa watu bure.

KABLA HUJALALA

Yule dereva jirani yetu siku hizi ana desturi. Jioni akirudi, anafunga koki ya mafuta. Anafunika injini kwa gunia kavu ikishapoa. Ana plagi ya akiba iliyofungwa kwenye karatasi, spana yake, kitambaa kikavu na tochi, vyote ndani ya mfuko mmoja chini ya kiti. Mwezi wa sita huu ulipoanza, alikuja kwetu jioni, akamwambia kaka, "Ukihitaji usiku, nigongee. Sasa najua kuiamsha."

Ndugu dereva, watu wa mtaa wako wanakutegemea kuliko unavyojua. Usingoje usiku wa dharura ndipo ujifunze kufungua plagi. Ifungue leo mchana, kuna jua, na mikono haitetemeki.

MASWALI YA KIKUNDI

Mkimaliza kusikiliza au kusoma, zungumzeni haya. Moja: plagi ikitoka imelowa, utafanya nini kwanza? Mbili: kwa nini resi ifungwe unapovuta choki? Tatu: katika mtaa wenu, ni dereva yupi anaweza kugongewa usiku, na je, kila nyumba inajua anapolala?

Mwenye jibu au swali alete kwa maandishi hapa studioni, tutalisoma Jumamosi ijayo. Mimi ni mtangazaji wako. Jifunike vizuri, na pikipiki yako uitoe nje kabla ya kuiwasha. Asubuhi njema.

SAUTI: Kiki mara moja. Injini inawaka, inanguruma kwa upole, inaondoka.

MUZIKI: Unapanda hadi mwisho.